Sharti la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu, aliyenizaa Ngara na kunileta Kigali nikiwa darasa la saba, alipenda kuwaambia wageni kwamba mimi nasoma hesabu kwa miguu, na hakuwa akitania. Nikipewa swali nasimama. Swali likiwa gumu natoka nje. Likiwa gumu zaidi, mtu anaweza kunikuta mtaa wa tatu nikiongea peke yangu, na nimeshazoea watu kunipisha njia.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo achague kazi niliyoichagua. Naandika uthibitisho wa hesabu kwa lugha ambayo kompyuta inaielewa, mstari kwa mstari, na kompyuta inakagua kama kila mstari kweli unatokana na iliyotangulia. Haijui heshima. Haikubali "ni wazi", haikubali "vivyo hivyo", haikubali kwamba mtu fulani mkubwa alishasema. Jambo ambalo mwanahesabu analiandika kwa nusu sentensi, mashine inalidai kwa kurasa. Kisha ukibonyeza ikague, unasubiri dakika mbili, tatu, wakati mwingine kumi. Dakika hizo nilizimalizia kwenye ngazi za nje za nyumba niliyopanga Kinyinya, napanda, nashuka, huku upande wa pili wa uzio wakimwaga zege la ghorofa ya jirani. Msimamizi wa mafundi aliniangalia wiki nzima, kisha akashindwa kuvumilia.

"Madamu, iko na shida gani? Kila saa unatembea, unatembea."

"Nasubiri kompyuta."

"Si ununue ingine," akasema, akarudi kwenye zege lake.

Hesabu yenyewe ni topolojia ya aljebra, jina linalotisha bure. Chukua ngata, ile ambayo wanawake wanaweka kichwani chini ya ndoo. Pitisha uzi kwenye tundu lake, uzungushe, ufunge. Sasa jaribu kuuondoa uzi ule bila kuukata na bila kuikata ngata. Hutaweza. Lakini ukizungusha uzi kwenye chungwa, utausukuma pembeni, utateleza na kutoka. Tofauti hiyo ya ngata na chungwa ndiyo tunayoigeuza kuwa hesabu za kujumlisha na kutoa, ili mtu aweze kuzifanya hata asipokuwa na ngata mkononi. Mengine yote ni maelezo marefu.

Sikubuni mfano huo. Ni wa Mwalimu, aliyenifundisha chuo kikuu miaka ile na ambaye sasa amestaafu, anakaa Gahanga na mkewe, kwenye kiwanja chenye maharage na migomba mbele ya nyumba mpya za watu wengine. Alizaliwa Bukavu, akasoma Ulaya, na Kiswahili chake ni cha huko kwao. Mimi nilikuwa nacheka Kiswahili chake na yeye anacheka changu, anasema naongea kama redio. Darasani alikuja na ngata ya kweli ya majani makavu ya mgomba, ameifuma mkewe, akaitoa mkobani kati ya vitabu. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango kama kawaida yangu, na siku hiyo sikutoka nje.

Mwaka jana niliwatembelea nikamkuta anatenganisha maharage mabovu na mazuri kwa vidole, uso ameuelekeza kwenye migomba. Ana presha ya macho, na daktari alimwambia kwamba kusoma kunaelekea mwisho. Alinituma ndani nilete tasnifu yake ya udaktari, kitabu cha jalada la bluu kilichopigwa chapa kwa mashine ya zamani. Kilifunguka chenyewe ukurasa wa arobaini na moja, kwa sababu kulikuwa na barua katikati.

Ukurasa ule una kauli yake kuu, kazi ya maisha yake, na kauli ina masharti. Sharti la mwisho, kuhusu jinsi nafasi, yaani umbo kama ngata, inavyokaa kuzunguka nukta yake ya kuanzia, pale uzi unapoanzia, lilimchukua miaka miwili kulipata. Kisha uthibitisho unakwenda vizuri mpaka katikati ya ukurasa, na hapo ameandika kwa Kifaransa kwamba hatua inayofuata inaonekana kwa urahisi. Barua ilitoka kwa mtaalamu mmoja wa Ulaya aliyeisoma tasnifu ile zamani. Ilikuwa na mstari mmoja baada ya salamu: kwamba yeye haoni.

"Sikumujibu," alisema Mwalimu. "Mwaka wa kwanza nilikasirika. Mwaka wa pili nikajaribu kuandika ile hatua, na miye pia sikuiona tena. Basi nikafunga kitabu."

"Bado yuko hai?"

"Iko hai. Ni mzee kama miye. Mwana yangu, nataka kujua kama ile kitu iko kweli, mbele ya kuacha kusoma. Na nataka kumujibu."

"Mbele" kwao ni kabla. Nikasema nitaipa mashine. Nilisema haraka, nikiwa nimesimama, na kusema ukweli nilitaka pia aone kwamba zile kelele zangu za kompyuta, ambazo aliziita kiburi cha vijana, zina faida.

Nilidhani itanichukua mwaka. Ilinichukua wiki tatu. Nilifafanua nafasi zake, nikaorodhesha masharti, nikaandika kauli, na kila nilipofika mahali pagumu mashine ilipita kama inateremka mlima. Hata ile hatua ya kuonekana kwa urahisi ilipita kwa mistari sita. Siku alama nyekundu ya mwisho, zile za kuonyesha kosa, ilipopotea nilishuka ngazi mbili mbili, nikampigia Mwalimu simu nikiwa barabarani.

"Apana!" alisema kwa furaha, kama mtu asiyeamini, na nikamsikia anamwita mkewe.

Jumapili wakanipikia. Mama, ndivyo ninavyomwita mkewe, alitengeneza isombe, yaani kisamvu, na nyama ya mbuzi, na akanieleza kwamba mume wake ametangaza kanisani jambo ambalo hakuna aliyelielewa ila wote walipiga makofi. Baada ya kula Mwalimu akaniambia nishike simu niandike. Alikuwa na jibu lote kichwani, amelisubirisha miaka yote hiyo. Lilisema kwamba anaomba radhi kwa kuchelewa, kwamba ile hatua ni sahihi, na kwamba mashine imeikagua.

"Tuma."

"Mtandao hapa mbovu, Mwalimu. Nitatuma nikifika nyumbani."

Mtandao haukuwa mbovu. Kulikuwa na kitu kinaniwasha. Mashine ikimaliza kukagua, pamoja na kukubali, huwa inakuachia vionyo vidogo vya manjano, vingi ni vya usafi tu: hapa umeacha pengo, hapa umetaja kitu ambacho hukukitumia. Sisi wa kazi hii tunavipita kama mtu anavyopita vumbi mlangoni. Nilikuwa nimekiona kimoja tangu Ijumaa, nikakipita. Kilisema kwamba sharti la mwisho halijatumika.

Lile la miaka miwili.

Niliporudi Kinyinya sikutuma. Nilijiambia labda mashine imepata njia fupi asiyoiona Mwalimu, na kwamba hiyo ni habari njema zaidi. Nilizunguka ngazi zile hadi msimamizi wa mafundi, akimalizia kazi ya Jumapili, akaniuliza kama kompyuta imekufa. Asubuhi yake simu ikalia.

"Amejibu?"

"Bado," nikasema.

Kesho yake akapiga tena saa ileile, baada ya chai. "Amejibu?" "Bado." Nilikuwa naona aibu hata ya kushika simu, lakini nilishika, na nilijibu hivyohivyo. Halikuwa neno la uongo. Mtu ambaye hajapelekewa barua hajajibu, hakuna ubishi.

Na nadhani ni neno hilo ndilo lililonifungua macho. Siku ya kumi na moja, baada ya kusema "bado" yangu na kukata simu, nilisimama katikati ya chumba nikaona nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa nasema kweli juu ya kitu ambacho hakipo. Nikajiuliza kama mashine nayo ilinifanyia hivyohivyo. Nikakaa kwenye kompyuta, nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza na ambalo nawafokea wanafunzi wangu wasipolifanya: nikaipa mashine mfano. Mviringo, kitu rahisi kuliko vyote. Nikaiambia, onyesha kwamba mviringo ni moja ya nafasi ninazozizungumzia.

Ikakataa. Nikaipa nukta moja tupu, ikakataa. Nikaipa ngata, ikakataa. Hakuna kilichoingia.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la kijinga. Nilikuwa nimenakili mstari mmoja kutoka faili langu la zamani, na mstari huo ulidai nukta ya kuanzia iwe nje ya kipande fulani, wakati sharti la kwanza la Mwalimu lilidai iwe ndani. Ni kama matangazo ya kazi tunayoyasoma hapa mjini: mwombaji awe chini ya miaka ishirini na mitano, na awe na uzoefu wa miaka ishirini. Ukiuliza kama waombaji wote wa kazi hiyo ni maaskofu, jibu ni ndiyo, kwa sababu hakuna hata mmoja wa kukubishia. Mashine ilikuwa imenikubalia kila kitu kwa njia hiyo. Kwa wiki tatu nilithibitisha mambo mazuri kuhusu nafasi ambazo haziwezi kuwepo, nikashangilia kasi yangu, na Mama akapika mbuzi.

Nilikwenda Gahanga siku hiyohiyo. Nilishuka kwenye pikipiki kabla haijasimama vizuri, dereva akanigombeza, akanikumbusha helmeti yake iliyokuwa bado kichwani mwangu. Mwalimu alikuwa uani na ungo wa maharage mapajani.

"Amejibu?" akauliza alipoisikia sauti yangu.

Nikamweleza. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kuanzia kionyo cha manjano hadi ule mstari niliounakili. Alisikiliza huku vidole vikiendelea na maharage, na nilipofika kwenye maaskofu akacheka kweli, akatikisa kichwa.

"Iko kweli juu ya kitu haiko. Ile ni kosa muzuri. Wanafunzi wangu hawakuniletea kosa muzuri namna ile." Kisha vidole vikasimama. "Na barua?"

"Sijatuma, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Kwa hiyo ile 'bado' yako." Akaanza kuhesabu, nikaona midomo yake inatembea. "Siku kumi na moja. Miye kila asubuhi nanawa uso, nakunywa chai, napiga simu kama mutoto anasubiri matokeo ya mtihani. Na weye unajua."

"Nilitaka kwanza kuhakikisha."

"Juu ya hesabu sina shida na weye," alisema. "Hesabu inakosewa. Lakini miye sisomi tena. Mutu ananisomea ile anataka, na miye naamini. Unaelewa ile kitu umefanya?"

Nilielewa. Aliweka ungo chini, akanyanyuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni na kuingia ndani. Mama akaniletea kikombe cha maziwa, kwa sababu mgeni hatoki nyumbani mwake mkavu, akasema polepole, "Nenda tu, mwanangu. Atapoa." Nilikunywa maziwa yale nikilia, nikarudisha kikombe, nikaondoka.

Simu haikulia kesho yake baada ya chai, wala keshokutwa. Nikafuta faili lote. Nikaanza upya, nikashindwa kwenye ufafanuzi wa kwanza, nikatoka. Nilitembea kutoka Kinyinya hadi Kimihurura, nikapita chini ya lile jumba la mikutano lenye kuba, mahali ambapo watu wenye beji shingoni walikuwa wanatoka kula, nikageuka na kurudi kwa miguu. Jumamosi ya umuganda, ile ya usafi wa pamoja kila mwezi, nilikwatua majani ya mtaa mzima hadi kiongozi wa mtaa akaniomba niwaachie na wengine. Nilikuwa na hasira na mashine kwa kunikubalia, ambayo ni hasira ya mpumbavu, maana ndiyo pekee iliyonionya.

Siku ya tisa simu ikalia saa ileile. Hakunisalimu.

"Kuja. Lete mashini."

Ndivyo tulivyoanza. Jumanne na Jumamosi nilikuwa Gahanga kuanzia asubuhi, kompyuta juu ya stuli, Mwalimu kwenye kiti chake na ngata mpya ya Mama na uzi mapajani. Kanuni aliiweka yeye: mfano kwanza. Hatukuandika hata kauli kabla mviringo haujaingia, na ngata, na chungwa. Mimi nilimsomea kila kitu ambacho mashine ilisema, hata vionyo vya usafi, hata vile vya kipuuzi, kwa Kiswahili, na yeye alijibu akipitisha kidole kwenye majani makavu. Nikinyanyuka alisikia kiti. "Kaa," alikuwa anasema. "Miye nikisikia miguu yako, siwezi kufikiri." Nilikaa. Magoti yalinicheza kando ya stuli, lakini nilikaa.

Tulifika katikati ya ukurasa wa arobaini na moja baada ya miezi mitatu, na hapo tukagota. Mashine ilidai nionyeshe kwamba uzi ukivutwa karibu na nukta ya kuanzia hautakwama. Nilijaribu njia tano. Mwalimu aliuzungusha uzi wake Jumamosi nzima, na Jumanne iliyofuata akasema kwamba anadhani aliandika inaonekana kwa urahisi kwa sababu siku ya utetezi ilikuwa karibu na alikuwa amechoka.

"Inawezekana ni uongo," alisema. "Andika hivyo kwa yule bwana kama ni uongo. Usinifiche."

"Sitakuficha."

Mama alikuwa amefuma ngata ile kwa haraka, na mahali majani yalipokutana palikuwa na ncha iliyochomoza. Uzi wa Mwalimu ulikuwa unanasa hapo kila mara, naye alikuwa anaunasua bila kufikiri, miezi mitatu yote, kwa kuyalaza majani kwanza kwa dole gumba. Siku hiyo dole likasimama.

"Hapa," akasema. "Mwana yangu, hapa. Mbele ya kuvuta, ninalaza. Sharti inasema unaweza kulaza."

Nikaandika alichosema. Ile nusu sentensi ilitoka kwa mistari mia nne, na ilituchukua wiki nyingine sita. Jumamosi moja, saa nne asubuhi, alama nyekundu zote zikapotea. Nikaingiza mviringo, ukakubaliwa. Nikaingiza ngata, ikakubaliwa. Nikatafuta manjano kutoka juu hadi chini.

"Imekubali, Mwalimu. Mifano imeingia. Hakuna kionyo."

Kisha akasema niandike barua mpya, na hii ilikuwa fupi: kwamba bwana yule alikuwa na haki ya kuuliza, kwamba hatua ile haikuwa rahisi hata kidogo, na kwamba sasa ameandikiwa yote, ayasome. Nikaituma pale pale, nikimshikisha simu mkononi ili asikie ikiondoka.

"Na sharti yangu?" akauliza.

"Limetumika."

"Unajuaje?"

"Nikilitoa, mashine itakataa."

"Itoe."

Nikafuta mstari ule mmoja, nikabonyeza. Tulisubiri dakika tatu. Nilikaa. Mama alikuja akasimama mlangoni, mikono imejaa unga, akijua kwamba kuna jambo bila kujua ni lipi. Kisha nyekundu ikarudi, katikati ya ukurasa wa arobaini na moja, mahali pale pale.

"Inasemaje?"

"Inasema: siwezi kuendelea. Hapa nahitaji kujua jinsi nafasi inavyokaa kuzunguka nukta ya kuanzia, na hakuna aliyenipa."

"Soma tena."

Nikamsomea tena. Akaniomba mara ya tatu, polepole, na ya nne. Mara ya tano aliisema sentensi ile mwenyewe, kwa kichwa, neno kwa neno, uso ameuelekeza kwenye migomba.